Jaruba la Seni

Malori yanayotoka Mbeya hupenda kupumzika Ipogolo, na pale kwenye soko la kando ya barabara kulikuwa na meza moja tu ya mchele isiyokuwa na mizani. Ilikuwa ya Bertha, mke wa Sedekia Kalinga. Bertha aliuza kwa sado na kwa debe, akirundika mchele juu mpaka unamwagika, na mteja aliyedai kilo alielekezwa meza ya jirani. Watu wa vipimo walikuwa wamemwonya mara kadhaa. Aliwajibu kwamba mume wake ana mzio wa mizani. Walicheka, wakaondoka wakiamini ni utani wa Kihehe, kumbe mama wa watu alikuwa anatoa taarifa ya kitabibu.

Sedekia mwenyewe alikuwa mstaafu wa magereza, mrefu, mkimya, mwimba besi katika kwaya ya usharika wao kule Kihesa. Majirani walipomuuliza alifanya kazi gani huko magereza, alijibu, "Stoo." Halikuwa jibu la uongo. Sedekia hakuwa mtu wa kusema uongo, na ndipo matatizo yote yalipoanzia. Kamba ilitunzwa stoo.

Mchele wa Bertha ulitoka Ubaruku, kule Mbarali, na kila msimu alikwenda mwenyewe kuuchagua. Mwaka ule goti likamvimba, akamtuma mumewe, apande lori la Dastan, kijana aliyekuwa anawabebea mzigo.

"Wasikuchanganyie," alimwambia. "Nusa. Wa Ubaruku unanukia hata ukiwa mbichi mkononi."

"Na wakipima?"

"Wakipima geuka uangalie barabara. Si ndivyo unavyofanya kanisani wakipima mazao ya sadaka?"

Alifika mashineni umeme umekatika. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi mlangoni, na juu yake walikaa vijana wenye vumbi la pumba kwenye nyusi, wakisubiri kama watu wanaosubiri kwa taaluma. Mwenye mashine akatoka na simu sikioni.

"Fundi anasema anakuja."

"Anakuja kama Seni," akasema mmoja, na wote wakacheka, si kicheko cha kitu kipya, ni kile cha kitu kilichozoeleka kama chumvi.

Sedekia hakucheka. "Seni ni nani?"

"Ah, mzee, msemo tu. Mtu akikwambia anakuja na haji, tunasema anakuja kama Seni. Lami inakuja kama Seni. Mbunge anakuja kama Seni."

"Siyo msemo tu, wewe," mwingine akamkatiza. "Seni yupo. Mama yake yule pale ng'ambo ya mfereji, Bibi Mbuke. Mzee, unaona lile jaruba lenye matete? Lile ndilo lake."

Sedekia akatazama. Majaruba yalikuwa yamejaa maji na miche, kijani juu ya kijani mpaka macho yachoke, na katikati yake palikuwa na pembe moja ya matete na magugu, ndege wameifanya makazi. Tuta lake lilikuwa zima. Mtu alikuwa akilitengeneza kila mwaka.

"Alikuwa jela," kijana akaendelea. "Akatuma salamu kwa dereva wa lori, mzee mmoja Anord, marehemu sasa. Kwamba jaruba la chini lisiguswe, yuko njiani, atalipanda mwenyewe. Sisi tumezaliwa tumeikuta hiyo habari. Mama yake mpaka leo hataki lipandwe. Mjukuu wake Maganga amelia naye mpaka amechoka."

"Na hakuna aliyewaambia lingine?"

"Nani awaambie?"

Umeme ukarudi, mashine ikanguruma, na mazungumzo yakaisha. Siku hiyo walipopima magunia ya Bertha, Sedekia alisahau kugeuka. Aliutazama mshale wa mizani ukipanda na kutulia, akasaini alipoambiwa asaini, na njia nzima hadi Ipogolo Dastan aliongea peke yake.

Mambo yalikuwa hivi.

Sedekia aliingia magereza akiwa kijana wa kidato cha nne mwenye alama nzuri za hesabu. Hesabu ndizo zilizomponza. Gereza alilopangiwa, mbali na kwao, lilikuwa na sehemu ya waliohukumiwa kunyongwa, ambayo askari na wafungwa wote waliiita kondemu. Na kunyonga mtu, kinyume cha wengi wanavyodhani, ni kazi ya hesabu. Mtu mzito hupewa kamba fupi, mwepesi hupewa ndefu. Ukikosea upande mmoja, anakabwa polepole mbele ya daktari na mchungaji. Ukikosea upande wa pili, hutokea jambo ambalo hata mtaalamu aliyeletwa kwa gari la serikali kufanya kazi hiyo hakupenda kulisimulia, naye alikuwa mtu wa kusimulia kila kitu, hasa chapati alizokula njiani. Katikati ya makosa hayo mawili upo urefu mmoja wa kamba ambao wakubwa waliuita wa kibinadamu. Sedekia alipewa kazi ya kuutafuta.

Aliutafuta kwa moyo wote. Alijaza gunia mchanga mpaka likalingana na mtu, akalining'iniza hadi kesho yake ili kamba imalize kunyooka isije ikamsumbua mfungwa mwenyewe. Alipaka bawaba mafuta zisipige kelele. Aliamini kwamba ikiwa jambo baya halina budi kufanyika, basi lifanywe na mtu anayejali. Ilimchukua miaka mingi kugundua kwamba kila jambo baya duniani lina foleni ya watu wanaojali.

Seni alikuwa kijana wa Kisukuma kutoka Ubaruku, na hatia yake haikuwa na utata. Maji yalikuwa yamepungua mferejini. Akamkuta jirani ameyageuza kwenda kwake, wakagombana, Seni akampiga na mpini wa jembe, na jirani hakuamka. Jaji alimsikiliza kwa huruma kisha akampa adhabu ile ile ambayo angempa mtu aliyemaliza familia nzima kwa panga, kwa kuwa sheria ilikuwa imeandika moja tu na haikumwachia pa kuchagulia. Huko kondemu Seni alikuwa mpole. Alizungumzia jaruba lake kama wengine wanavyozungumzia mchumba.

Amri ilipokuja, Sedekia alimtoa akampime. Mizani ya zahanati ilikuwa mbovu, wakatumia ya stoo, ile ya magunia ya mpunga. Seni alipopandishwa juu yake alianza kucheka. Alikuwa mtoto wa mpunga. Kwao gunia likishajazwa na kushonwa hupimwa kwa sababu moja tu, kwamba linaondoka. Hakuna anayepima gunia ili lizidi kukaa ghalani. Na siku zile kulikuwa na minong'ono ya msamaha wa sikukuu.

"Afande," alisema, bado yuko juu ya mizani, "mimi natoka."

Maagizo yalikuwa kwamba mfungwa asiambiwe mapema, asije akateseka kwa kusubiri. Asiyejua haumii, mkuu alikuwa akisema, na mchungaji alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa kukubali. Kwa hiyo Sedekia hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alisema, "Jiandae." Neno zuri, linafaa safari zote.

Seni akajiandaa. Aligawa blanketi lake. Kisha akamwita Sedekia. "Afande, yule dereva anayeleta mpunga, Anord, anapita kwetu. Mpe salamu za mama. Jaruba la chini lisiguswe, nitalipanda mwenyewe. Amwambie niko njiani."

Asubuhi akauliza kupitia tundu la mlango, "Umezifikisha?" Mchana akauliza tena. Sedekia akaona kwamba ataulizwa hivyo mpaka mwisho, kwamba mwisho hauko mbali, na kwamba yeye, Mlutheri, hawezi kumdanganya mtu anayekwenda kufa. Akamfuata Anord kwenye lori, akampa maneno yote kama alivyopewa. Akarudi na dhamiri safi akajibu, "Nimezifikisha." Ili asiseme uongo gerezani, aliupakia kwenye lori ukaenda Ubaruku.

Hakuona ubaya sana, kwa sababu alijua taarifa rasmi ingefuata na kusahihisha. Na taarifa ilitumwa kweli. Ofisi ilifungua jalada, ikaona kabila, wilaya ya kuzaliwa na kijiji cha asili, ikaipeleka kaskazini, Usukumani, mahali ambapo familia ya Seni ilikuwa imepahama na ng'ombe wake tangu yeye akiwa anabebwa mgongoni. Kwa mujibu wa ofisi hakuna aliyekosea. Kwao mtu ni kule alikozikwa babu yake, hata kama walio hai wote walishaondoka kutafuta malisho. Kijijini hakukuwa na wa kuipokea, na karatasi haina miguu ya kuwafuata watu hadi Ubaruku.

Baada ya Seni kunyongwa, Sedekia aliomba kuhamishiwa stoo kweli, na tangu hapo hakuweza kutazama mizani. Lakini aliamini kwamba wafiwa walikuwa wamelia na kunyamaza, kama wafiwa wengine. Hilo ndilo alilokuwa akilalia miaka yote. Sasa alikuwa amelikuta halipo.

Nyumbani Kihesa, alikaa na jambo hilo kifuani mpaka Bertha akachoka kumtazama.

"Baba Damari. Tangu urudi Ubaruku unaimba besi kama mtu anayesukuma gari. Una nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, jikoni, Bertha akichambua maharage, na Bertha hakuacha kuchambua hata mara moja.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema mwishowe, "nimefukuza wateja wa kilo kwa ajili ya mtu aliyenyongwa."

"Mmoja tu. Waliofuata sikuwapo."

"Ulivuta wewe?"

"Alivuta mtaalamu. Mimi nilipima."

"Ulipima vizuri?"

"Vizuri sana."

"Bwana asifiwe," akasema Bertha, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha. Akatupa punje mbovu mlangoni kwa kuku. "Utakwenda lini?"

"Wapi?"

"Usinichezee, mwanaume."

"Mama Damari, niliapa kiapo cha siri. Na nikishasema Ubaruku, malori yatasema Ipogolo, na Ipogolo wakisema, kanisani watajua kabla sijashuka garini. Nani atasimama na mimi kwenye kwaya?"

"Besi mko wachache. Watasimama." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Wewe uliapa siri. Yule mama aliapa nini?"

Hata hivyo hakwenda mara moja. Mtu mwaminifu anaweza kuchelewa vizuri kabisa. Alingoja goti la Bertha lipone, akangoja pasaka, akangoja mtu wa kufunga banda la kuku. Redioni siku hizo kulikuwa na mjadala wa adhabu ya kifo, kama ifutwe au ibaki. Mmoja alisema uhai ni wa Mungu. Mwingine akapiga simu kutoka Makambako akasema damu hulipwa kwa damu, na kwamba mtandao unasumbua. Wa tatu, mwanasheria mwenye sauti laini, akasema ikiwa ni lazima ibaki, basi angalau itekelezwe kistaarabu, zipo njia za kisasa, sindano, mtu analala tu. Sedekia alizima redio. Ustaarabu alikuwa ameshaufanya. Kilichomwondoa kitini kilikuwa kingine: mvua zilianza, Dastan akapita kwa Bertha akasema Ubaruku wameanza kuotesha miche, na Sedekia akaona akilini jaruba moja likianza mwaka mwingine bila kupandwa.

Mbuke aliishi kwenye mji wa nyumba tatu za bati na zizi la ng'ombe, ng'ambo ya mfereji kama vijana walivyosema. Sedekia alimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa ukuta, mwembamba, masikio yake marefu, anachagua mbegu kwenye ungo. Mjukuu wake Maganga, mwanaume mzima mwenye watoto, alikuwa anatengeneza jembe la ng'ombe. Mama yake Maganga, mke wa Seni, alikuwa amengoja, akachoka, akaolewa Chunya.

"Mwadila, mayu," alisema Sedekia. Dastan alikuwa amemfundisha garini.

Bibi akamtazama juu hadi chini. "Wewe ni Mhehe. Mhehe akinisalimia kwa Kisukuma anataka ng'ombe kwa bei ya mbuzi."

"Sitaki ng'ombe, mama. Kamwene."

"Hapo sawa. Maganga, mpe baba kiti."

Akapewa kiti, hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Ipogolo, akianza na salamu za kanisa na pole za jumla, lakini yule mama alikuwa na macho ya Seni, na maneno yakampotea.

"Mama, mimi nilikuwa askari wa gereza. Salamu alizoleta Anord, mimi ndiye niliyempa."

Ungo ukatulia. Maganga akaweka nyundo chini.

"Ndiye uliyemwona?" Mbuke akauliza. "Yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Alishanyongwa. Siku chache tu baada ya salamu."

Mbuke akaushusha ungo miguuni. Kisha Maganga akasimama. "Mzee, rudia."

"Kaa chini, Maganga," alisema bibi yake.

"Bibi, huyu anasema—"

"Nimesikia anachosema. Masikio ni marefu, yanasikia." Hakuwa anatania. Aliendelea kumtazama Sedekia. "Wewe ulipotoa zile salamu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukasema yuko njiani."

"Ndivyo alivyoniagiza. Niliahidi kufikisha. Nilidhani barua ya serikali itakuja."

"Barua ilikwenda wapi?"

"Usukumani. Kwenye kijiji kilichoandikwa."

Mbuke akageukia mjukuu wake. "Kule tulikoacha mashimo ya nguzo," alisema. "Wamewaandikia mashimo." Kisha akarudi kwa Sedekia. "Na yeye kwa nini alisema yuko njiani?"

Hapo ndipo Sedekia alipokuwa amekuja na zawadi yake. Alikuwa ameitunza miaka yote, kitu pekee cha kazi ile ambacho hakukionea aibu. Akasogea mbele. "Mama, hakujua. Alidhani anatoka. Hatukumwambia mpaka siku yenyewe, ili asiteseke. Alikuwa na furaha. Alikula, alilala, alicheka. Na hakupata maumivu, nakuapia. Nilipima mwenyewe. Ilikuwa mara moja."

"Nani amekuuliza maumivu?"

Sedekia akarudi nyuma hatua moja.

"Mwanangu alimuua mtoto wa mwenzangu," alisema Mbuke. "Hilo sijawahi kulikataa. Nilikwenda kwenye ule msiba, nikakaa chini, walinitemea mate, nikakaa. Yule mama alimzika wa kwake. Analijua kaburi, analifagia. Mimi nimekaa na matete." Aliokota mbegu moja kwenye ungo, akaitazama, akairudisha. "Mtu anayesafiri huaga, baba. Seni angejua, angeniaga. Angesema mama, ndiyo basi, Maganga mpe jaruba, yule ng'ombe mwekundu uzeni. Angelia, angeogopa. Kuogopa kwake kulikuwa kwake. Mlimnyang'anya hata hicho, halafu unakuja kuniambia ni huruma."

"Tuliona ni afadhali."

"Afadhali kwa nani? Nyie ndio mlilala."

Maganga alikuwa amekaa, mikono imeshika kichwa. "Shuleni," alisema bila kuinua uso, "walikuwa wananiita Anakuja. Mwalimu akiita majina, hata yeye. Nikirudi bibi ananiambia waache, siku akifika watanyamaza."



"Alijua lini?" Mbuke akauliza.

"Mlangoni. Alipoona chumba."

"Alisema nini?"

Hilo Sedekia hakuwa amekusudia kulisema. Hakuwa amemwambia hata Bertha. "Aliniangalia mimi. Akaniuliza, zile salamu zilifika kweli? Nikasema zilifika."

Mbuke akafumba macho. "Zilifika," alisema. "Hapo hukumdanganya. Zilifika."

Kisha akauliza kaburi liko wapi. Sedekia akamweleza: ndani ya ukuta, nyuma, hakuna alama, na mwaka uliofuata walipanda mahindi juu yake.

"Yalistawi?"

"Yalistawi, mama."

"Alikuwa mkulima," alisema bibi, na ndipo alipoanza kulia, kwanza polepole, kisha kwa sauti kubwa ya kilio cha Kisukuma iliyovuka mfereji. Watu mashineni wakatoka nje kutazama nani amekufa.

Msiba ukakaliwa. Ulikuwa msiba usio na maiti, na wazee wa Ubaruku walibishana kidogo kuhusu namna ya kuuendesha, kisha wakaamua kwamba aliyekufa ni aliyekufa hata kama kachelewa kufika. Walinyoa nywele, wakachinja ng'ombe. Vijana wa mashineni walikuja wote, wakakaa kwenye mkeka wamekunja miguu, na hakuna aliyejua afanye nini na mdomo wake. Akaja pia bibi mmoja wa Kisangu akishikwa mkono, mama wa yule jirani aliyepigwa kwa mpini, akakaa karibu na Mbuke kimya tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda, na hakuna aliyemtemea mate mtu.

Sedekia alitaka kuondoka baada ya siku ya kwanza. Maganga alimzuia njiani.

"Bibi anasema ukae. Aliyeleta habari ya kifo hukaa mpaka tufunge."

"Ananihitaji wa nini?"

"Sijui, mzee. Mimi ningekupiga. Lakini kasema ukae."

Akakaa. Walimpa chakula, walimpa mkeka, waliomjua walimwogopa na wasiomjua walimwamkia. Msiba ulipofungwa, Mbuke alimwambia mjukuu wake afungue maji. Wakakata matete, wakachoma, Maganga akaleta ng'ombe wakavuruga tope, na wanawake wakaanza kupandikiza wakirudi kinyumenyume, migongo imeinama. Sedekia, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa mahindi na viazi, alivua viatu, akakunja suruali, akashuka tutani kushika fungu la miche.

"Wewe toka," alisema Mbuke. Hakupandisha sauti. "Hilo usiliguse."

Akatoka. Akakaa juu ya tuta na viatu vyake mkononi, akatazama mpaka safu ya mwisho.

Habari zilifika Ipogolo kabla yake, kama alivyotabiri. Katika kwaya, tena kama alivyoambiwa na mkewe, walisimama naye, ingawa kijana wa besi aliyekuwa akisimama kulia kwake akagundua kwamba kushoto kunamfaa zaidi. Wateja wengine waliacha kununua kwa Bertha. Wengine wakaja wapya, kumtazama. Redioni mjadala uliisha bila uamuzi, wakaweka vipindi vya mpira. Na mashineni Ubaruku, Dastan alisimulia, msemo ule ulikufa. Umeme ukikatika na mwenye mashine akisema fundi anakuja, watu wanaitikia tu, "Haya," na mmoja wao hutazama chini.

Mpunga ulipovunwa, Dastan alisimamisha lori mbele ya meza ya Bertha, akashusha gunia moja dogo, limeshonwa kwa mkono.

"Mzee Kalinga, huu wako. Kutoka kwa Bibi Mbuke. Kaniagiza maneno, kasema nisipunguze wala nisiongeze."

"Sema."

"Kasema huu ni wa jaruba la chini. Ule."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Ila kasema nikirudi nimwambie kama salamu zimefika." Dastan akajikuna shingo. "Nimwambieje?"

Bertha, kwa mazoea ya biashara, alikuwa ameshalishika gunia pembeni, anakisia uzito wake mkononi. Akaliachia.

Sedekia aliingiza mkono penye mshono, akatoa mchele kidogo kiganjani, akaunusa. Hakujua kama amesamehewa au ameadhibiwa, na alihisi kwamba yule mama alikusudia asijue.

"Mwambie zimefika," alisema.

Bertha aliupika siku hiyo hiyo, mweupe mtupu. Sedekia akala. Alipomaliza alisogeza sahani aongezwe, maana alikuwa ameletewa mchele, na hakuambiwa ale kiasi gani.